Mama mkwe anadai namjibu kwa meno

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kwetu ni Tabora, ila nimeolewa Kigoma na tunaishi Ujiji. Wiki tatu zilizopita nilikuwa kwenye bodaboda natokea Mwanga, tukamkwepa mbuzi, tukaishia mtaroni. Dereva hakuchubuka hata ukucha. Mimi nilitua kwa kidevu, taya la chini likavunjika sehemu mbili. Hospitali wamenifunga waya: meno ya juu na ya chini yamekazwa pamoja, na nimeambiwa nikae hivyo wiki sita. Nakula kwa mrija. Uji, maziwa, supu ya samaki aina ya migebuka iliyochujwa mara mbili.

Kilichonishangaza ni kwamba naongea. Nilipozinduka baada ya kufungwa nilidhani nimeshakuwa bubu. Mume wangu akainama kuniangalia, nikamuuliza, "Simu yangu iko wapi?" Akanijibu iko kwenye mkoba. Ndipo wote wawili tukatazamana, tukakumbuka kwamba kinywa kimefungwa. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi, lakini kila neno lilisikika.

Sasa shida zangu. Ya kwanza ni mama mkwe. Ametoka Kasulu kuja kunisaidia, anapika, anaogesha watoto, Mungu ambariki. Lakini juzi nilimsikia dirishani akimwambia jirani kwamba "namjibu kwa meno". Kwamba tangu afike sijamsalimia vizuri hata siku moja, na nikimwitikia nauma meno kama mwenye kisirani. Mjomba, meno yamefungwa waya na anauona! Kweli nimekuwa msemaji wa maneno machache, maana nikiongea sana midomo inachubuliwa na waya na mate yananijaa. Kwa hiyo nasema "Shkamoo", "Ndiyo", "Sawa", basi. Sidhani kama hilo ni kosa.

Ya pili ni shule. Walimu hatutoshi, na mwalimu mkuu anauliza kama naweza kurudi wiki ijayo. Darasa langu lina watoto wanaopita tisini na ndio kwanza wako kwenye irabu. Naogopa wataniiga, darasa zima lianze kusoma limeuma meno. Kila usiku nasimama mbele ya kioo, nachukua herufi moja moja, naivuta midomo, naupanga ulimi pale vitabu vinaposema ukae. Naona naharibu zaidi. Nikisema tu bila kuwaza, neno linatoka. Nikiliwazia, halitoki. "Thelathini" na "dhahabu" ndiyo kabisa.

Nifanyeje?

Mwalimu wa Darasa la Kwanza, Ujiji

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana na taya. Huyo mbuzi najua hajapata mwenyewe mpaka leo. Ujiji niijuayo mimi, wenye mbuzi hawakosekani ila siku ya ajali.

Nianze na kioo, kwa sababu kinakuchosha bure. Kifunike kanga. Hicho ulichokiandika, kwamba ukisema bila kuwaza linatoka na ukiliwazia halitoki, kuna watu walijenga maabara ili wakione. Mwaka 1979 Björn Lindblom, James Lubker na Thomas Gay walichapisha jaribio ambalo wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, wanalitaja hadi leo. Waliwapa watu kipande kigumu wakishike katikati ya meno, taya lisipande wala lisishuke, kisha wakawaambia watamke irabu. Wewe na mimi tungetegemea wababaike kwanza, wajisikie, wajirekebishe, labda kufika jioni wawe wamepata. Wapi! Vipimo vilionyesha irabu zimekaa karibu kabisa na mahali pake pa kawaida tangu nyuzi sauti zilipotikisika mara ya kwanza. Yaani kabla mtu hajajisikia masikioni mwake kwamba amekosea au amepatia, ulimi ulikuwa umeshajipanga upya.

Hilo ndilo lililokutokea ulipouliza simu iko wapi.

Wewe ni mwalimu, kwa hiyo nikuonyeshe kwa chaki. Andika jina lako kwenye daftari, halafu liandike ubaoni kwa herufi kubwa. Daftarini wamefanya kazi vidole na kiganja. Ubaoni umefanya kazi mkono mzima kuanzia begani, vidole vimeshikilia chaki tu. Misuli ni mingine kabisa, lakini mwandiko ni ule ule. Mwanafunzi wako ataujua hata ukiwa haupo. Hakuna chuo cha ualimu kilichokufundisha bega lako kuandika "a". Lilijua "a" inatakiwa ionekaneje, likaitafutia njia. Kinywa nacho hufanya hivyo hivyo. Kinacholengwa ni sauti. Taya ni mmoja tu kati ya wafanyakazi, na akiugua wengine huchukua zamu yake bila kuitisha kikao.

Ndiyo maana mbele ya kioo unaharibu. Pale unaacha kulenga sauti, unaanza kulenga mkao: ulimi hapa, midomo pale, kama kitabu kinavyosema. Lakini kitabu kiliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye taya lake linashuka. Mkao wake haukufai wiki hizi. Ulimi wako umeshatunga wa kwake, nawe unausumbua.

Irabu inayokupa taabu zaidi, sihitaji kuambiwa, ni "a". Msomaji mwingine yeyote anaweza kujaribu hapo alipo: uma meno yagusane, usiyaachie, sema "Juzi shuleni". Imetoka karibu kama kawaida, maana "i" na "u" hutamkwa taya likiwa juu hata siku ambazo halijavunjika. Sasa sema "Baba amepanda karanga". Hapo ndipo kazi. "A" huzoea taya kushuka na kinywa kufunguka kama mlango wa ghala. Taya likigoma, ulimi unajilaza chini kuliko siku zote na shina lake linarudi nyuma kuelekea kooni. Ukitulia utausikia ukifanya hivyo. Kinachoitofautisha "a" masikioni ni uwazi mbele na ule mbano wa kule nyuma kooni, na mbano huo unapatikana hata meno yakiwa yamegusana. Uwazi wa mbele unabanwa, hatukatai, ndiyo hiyo sauti ya blanketi. Lakini "baba" inabaki "baba", haigeuki "bibi".

Midomo nayo usiidharau. Hakuna aliyeifunga. "B", "p", "m", "w" zinatengenezwa na midomo, na "f" na "v" zinahitaji mdomo wa chini uguse meno ya juu, jambo ambalo bado unaliweza. Kuna jaribio la 1984 lililofanywa na Kelso na wenzake katika maabara ya Haskins kule Marekani, nalipenda kuliko yote. Mtu anatamka neno lisilo na maana, linaloishia kwa "b" au kwa "z", na katikati ya kutamka mashine inalivuta taya lake chini ghafla bila kumtaarifu. Neno likiwa la "b", midomo ndiyo inayokimbilia kuziba pengo. Likiwa la "z", anayekimbia ni ulimi. Yote hayo ndani ya milisekunde 20 hadi 30, muda ambao hata kope haijamaliza kupepesa. Angalia vizuri hapo: mvuto wa taya ni ule ule, ila anayekwenda kuokoa ni yule mwenye kazi na sauti hiyo. Mimi nilifundisha fonetiki miaka mingi na bado nikilisimulia nasisimka.

Na si lazima twende Marekani. Nenda sokoni Mwanga kwa fundi cherehani yeyote aliyebana pini midomoni. Yeye ni kinyume chako: taya liko huru, midomo ndiyo iliyofungwa. "Geuka kidogo, mama" inakuja "Geuka kidogo, nana". "M" inahitaji midomo ikutane, yake haikutani, basi ulimi unaziba kwa nyuma ya meno na pumzi inapita puani vile vile. Mama anageuka. Hajawahi kumuuliza fundi nana ni nani.

"Thelathini" na "dhahabu" nitazimaliza haraka. "Th" na "dh" zinataka ncha ya ulimi ichungulie kati ya meno, na kwako hapo pamefungwa kabisa. Iegemeze ncha nyuma ya meno ya juu, upulize polepole. Itasikika karibu na "th", si yenyewe hasa, na inatosha. Isitoshe, wewe mtu wa Tabora na mimi tunajua ni watu wangapi barani huku wanaosema "selasini" na "zahabu" wakiwa na mataya mazima, na pesa wanahesabiana sawasawa.

Mimi mwenyewe nilipowekwa meno bandia ya juu, "s" yangu ilipiga mluzi. Msikitini niliona aibu kuitikia. Nikakaa kimya siku mbili, mluzi ukabaki. Nikaanza kuongea na wajukuu, kusimulia, kugombana nao, na baada ya siku chache nikashtuka kwamba mluzi umekwisha na sijui umekwisha lini. Kwa hiyo zoezi lako ni kuongea na watu kwa jambo lenye maana, kidogo kidogo. Midomo ikichubuka, waombe hospitali nta ya kufunika ncha za waya. Kioo kibaki cha kukagua usafi wa meno.

Shuleni. Kwanza kabisa, ruhusa ya kurudi itoke kwa daktari aliyekufunga, si kwa mwalimu mkuu, hata kama walimu hawatoshi. Akikuruhusu, hatari si watoto kukuiga. Watoto hao wamefika kwako na miaka sita au saba ya "a" walizozisikia kwa mama zao. Wiki tatu zako haziwezi kuzifuta. Tatizo ni kwamba mtoto anayejifunza herufi anasikiliza kwa macho pia. Mwaka 1976 McGurk na MacDonald walionyesha kwamba ukimwekea mtu sauti ya "ba" na picha ya mdomo unaosema "ga", wengi husikia "da". Kwa hiyo kwenye "ma", "ba", "pa" simama mbele kwa ujasiri, midomo yako inaonekana ikifunga na kufungua. Ikifika "a", usijionyeshe wewe. Muite mtoto mmoja mwenye kinywa kipana, kila darasa anaye, mara nyingi ni yule yule mpiga kelele, umpandishe kwenye kiti aseme "aaa" na wenzake wamwangalie. Utakuwa umempa cheo na umepata kimya, yote kwa mpigo.

Usipaze sauti. Kinywa kilichofungwa hakitoi sauti nje kama kilicho wazi, na ukijaribu kufidia kwa kukaza koo utapoteza na sauti yenyewe. Tumia makofi, fimbo ya kuonyeshea ubaoni, na vinara wa vikundi warudie maneno yako kwa wenzao. Watoto tisini hawakukusikia hata ulipokuwa mzima, tusidanganyane.

Tuje kwa mama.

Wewe unadhani anayalalamikia meno. Mimi nimeisoma barua yako mara tatu na nadhani halalamikii meno hata kidogo. Waya anauona, supu anaichuja yeye. Anachokisikia ni ufupi. Mama wa Kasulu anaamka alfajiri, "Mwakeye!", salamu ya asubuhi kwa Kiha, anapiga makofi taratibu kwa viganja, anataka kujua umelalaje, watoto wamelalaje, maumivu yamepungua, na huko Tabora wanasemaje. Wewe unamrudishia "Shkamoo" ambayo hata irabu yake moja umeimeza, kisha unamwachia "Ndiyo". Kwake huo si uchovu wa midomo. Ni mkwe aliyefunga mlango. Halafu anatafuta sababu ya mlango kufungwa, anaona meno yameumana, na kila mtu duniani anajua mtu anayeongea ameuma meno ana hasira. Ndiyo hapo ikazaliwa "ananijibu kwa meno".

Ulimi wako ulijipanga wenyewe usiku ule ule wa hospitali. Adabu ya salamu haijipangi yenyewe. Hiyo inabidi uiwazie wewe.

Na unacho cha kufanyia kazi kuliko unavyodhani. Kiha ni lugha ya toni, kama Kinyamwezi chenu. Kupanda na kushuka kwa sauti kunatengenezwa kooni, kwenye nyuzi sauti, na koo lako ni huru kabisa. Ukimsalimia kwa Kiha, hata cha kuokoteza, konsonanti zikiwa zimefifia wimbo wa maneno utamfikia mzima. Kwa Kiswahili pia, yale maswali ya "umelala salama, mama?" yanabebwa na kiimbo zaidi kuliko herufi. Viganja vyako havijafungwa waya. Piga makofi kama yeye anavyopiga. Piga na goti. Na tabasamu. Midomo ikivutwa pembeni sauti yenyewe hubadilika, inasikika hata kwa mtu aliyekupa mgongo jikoni, na kwenye uso ulioumana meno ndiyo inayomwambia mtu kwamba huku hakuna hasira.

Maneno yako ni machache kwa sasa, kwa hiyo yagawe. Asubuhi tumia mengi kwake: salamu ndefu, pole ya kazi, swali moja la kweli kuhusu shamba lake au ndugu zake. Mchana ukijibu "sawa" hakuna atakayehesabu. Usimalize akiba yako kwenye simu za marafiki wanaotaka kusimuliwa ajali kwa mara ya arobaini.

Wala usimwambie kwamba ulimsikia dirishani. Najua inakuwasha. Ukimwambia, kesi itahama kutoka kwenye salamu kwenda kwenye umbea, na jirani ataingia, na mume wako ataitwa kutoka kazini. Mume huyo afanye jambo moja tu: akae na mama yake jioni, amweleze kwa Kiha kwamba ukiongea sana midomo inatoka damu. Neno la damu mama yeyote analielewa.

Limebaki moja ambalo hukuliandika, na kukosekana kwake kunanitia wasiwasi. Hospitali walikupa koleo ya kukatia waya? Kama hawakukupa, ulizia leo. Mtu aliyefungwa meno akitapika au akipaliwa, anainama mbele vitoke, na pumzi ikikwama, waya zinazounganisha meno ya juu na ya chini zinakatwa pale pale, kisha ndiyo mnakwenda hospitali. Wakuonyeshe ni waya zipi. Koleo hiyo ukaenayo popote, kitandani, darasani, sokoni. Na ukiona homa, usaha, au waya umelegea na meno hayagusani kama zamani, usingoje tarehe yako. Wiki sita zikiisha taya litakuwa gumu kufunguka. Mtu mzima mwenye taya zima kwa kawaida huingiza vidole vyake vitatu vilivyosimama kati ya meno ya mbele, wewe unaweza kuanza na kimoja. Watakupa mazoezi, yafanye. Mgebuka wa kukaanga utakusubiri.

Mchana mume yuko kazini, watoto wako shule, na nyumbani mnabaki wewe na mama mkwe. Kwa hiyo ukirudi hospitali, nenda naye. Yeye ndiye aonyeshwe waya wa kukata, aishike koleo mkononi, ajaribu kuifungua na kuifunga mbele ya muuguzi. Mkifika nyumbani mwambie achague mwenyewe msumari wa kuitundika.